Mizani ya Kitaalamu

Chumba cha juu, kwenye duka letu la kushonea,
Jumapili asubuhi, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo, na hali ya huko? Mgongo wako unaendeleaje, na lile jicho lililokuwa likikutoa machozi ukisoma? Na Baba Mdogo bado anajitia kijana, anapanda juu ya paa kuziba mabati mwenyewe? Mwambie ashuke, tena umwambie ni mimi niliyesema. Sisi huku wazima. Cherehani zinazunguka, shule zinakaribia kufunguliwa, na sare zimejaa hadi kitandani. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya robota la kitambaa cha buluu, maana kiti kimebeba makoti.

Mama hajambo. Naanza na hilo ili usisome barua hii moyo ukidunda. Hajambo kweli, na mwishoni nitakueleza jinsi alivyo sasa.

Ulipopiga simu juzi ukaniambia Shemeji amekueleza kwamba Mama amepona kwa sababu ya “mpango” wake, nilinyamaza. Usidhani nilikubali. Duka lilikuwa limejaa wateja, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni si ya kusemwa mbele ya watoto wanaopimwa kaptula. Leo nimefunga mlango. Nitakupa habari yote tangu mwanzo, maana siwezi kuvumilia yule mtu avishwe taji kwa jambo lililobaki kidogo tu limuue dada yako.

Unamjua mume wa mdogo wangu. Sisi hapa dukani tunamwita Kitaalamu, kwa kuwa hafungui mdomo bila neno hilo. Kitaalamu chai hunywewa hivi, kitaalamu dirisha hufunguliwa vile. Kazi yake ni kuuza bima kwa simu. Anashinda ofisini na kile kidude masikioni akiwatisha watu kwa magonjwa, na jioni anarudi nyumbani akijiona daktari. Tumbo lake linaingia mlangoni kwanza, yeye anafuata, lakini hakuna mwili wa mtu ambao hana ushauri nao.

Sasa basi. Goti la Mama unalijua. Miaka yote ile ya kukanyaga cherehani ya miguu ilimla goti la kulia hadi ikawa akisimama unasikia mlio. Nilimpeleka kwa daktari wa mifupa, mama mmoja mfupi, wa maneno machache. Akaangalia picha, akambonyeza Mama hapa na pale, akasema, “Goti hili nitalibadilisha, utatembea. Ila kwanza punguza kama kilo kumi, taratibu, ili lile jipya lisielemewe. Kula mayai, maharage, mboga. Mkate na sukari vipunguze. Usikae na njaa. Jipime mara moja kwa wiki, inatosha.”

Mama alitoka pale anacheka. Alinishika mkono kwenye ngazi za hospitali akaniambia, “Nikirudi kwenye cherehani yangu, yule msichana uliyemkalisha pale umtafutie nyingine.” Hilo ndilo lililokuwa mbele yake, Mama Mdogo. Hakutaka umbo wala sifa. Alitaka kiti chake.

Kwa kuwa mimi nakaa juu na ngazi zangu ni kama za mnara, tulikubaliana akae kwa mdogo wangu, ambako hakuna kupanda wala kushuka. Kosa likaanzia hapo. Alipoingia tu na mkoba wake, Kitaalamu akajitwika uongozi. Aliitisha kikao sebuleni. Mdogo wangu alikuwa ndio kwanza ametoka kazini kwenye duka la dawa, miguu imemvimba kwa kusimama, naye akasimamishwa tena agawe chai wakati bwana anahutubia. Hotuba ilikuwa juu ya mizani. Kwamba kitaalamu, kupungua bila mizani ya kisasa ni kujidanganya. Kwamba ataichagua mwenyewe.

Nikasema nitakwenda naye. Nilimjua.

Duka lenyewe ni lile la vyombo vya nyumbani, lenye vioo vingi na muziki wa kusinzia. Muuzaji alikuwa bwana mmoja aliyejipulizia manukato hadi macho yakaniwasha. Mizani zilikuwa zimepangwa sakafuni mstari mmoja. Kulikuwa na ya sindano, uso wake mkubwa kama saa ya ukutani. Kulikuwa na ya tarakimu, ya kawaida, unapanda inakuambia, unashuka inazima. Kisha kulikuwa na ile ya kioo cheusi, nyembamba kama sahani, ambayo muuzaji aliishika kwa mikono miwili kama mtoto wa siku saba.

“Hii inapima mafuta, maji, mifupa, misuli, na umri wa mwili,” akasema. “Na inatuma kila kitu kwenye simu.”

“Umri wa mwili?” nikauliza. “Mama yangu ana cheti cha kuzaliwa.”

Kitaalamu akanicheka mbele ya yule muuzaji, kile kicheko chake cha puani. “Dada, kitaalamu hivyo ni vitu viwili tofauti.”

“Daktari kasema uzito, tena mara moja kwa wiki. Hii ya tarakimu inatosha. Ina namba kubwa, Mama ataziona bila miwani.”

“Daktari ana wagonjwa mia,” akajibu. “Mimi nina mmoja.”

Hapo muuzaji akatikisa kichwa kwa heshima, kama aliyesikia neno la hekima. Wale wawili walipatana, nakwambia. Mmoja haelewi anachouza na mwenzake haelewi anachonunua, na furaha ilikuwa tele. Hakuna aliyeuliza kama kioo kile kitateleza chini ya mguu wa mtu mwenye goti bovu. Waliuliza kama kipo cha rangi ya fedha.

Mizani ikafika nyumbani. Bafuni, kwenye sakafu ngumu ambapo ndipo mahali pake, ikawekwa siku moja tu. Kumbe mtandao haukamati bafuni. Mtu mwenye akili angesema basi, tusome namba kwa macho. Yeye aliihamishia kwenye korido, mbele ya mlango wa chumba chake, juu ya lile zulia nene analojivunia, ambalo ukilikanyaga mguu unazama. “Hapa mtandao uko vizuri,” akasema. Kwa hiyo dada yako, mtu mzima mwenye wajukuu, akawa anatakiwa kusimama koridoni kila asubuhi na gauni lake la kulalia, ameshika ukuta asianguke, watu wakipita kwenda kuoga.

Ndiyo, kila asubuhi. Agizo la daktari la mara moja kwa wiki lilitupwa siku ile ile.

Na si hilo tu. Aliiunganisha na kundi la familia. Wewe huna habari ya kundi hilo kwa kuwa simu yako ni ya vibonyezo, na Mungu akuzidishie hiyo simu. Mama akipanda tu, simu zetu zote zinalia. Yangu dukani, ya mdogo wangu kwenye duka la dawa, ya Kaka kule njiani na lori lake, ya binamu yetu mwenye saluni, hadi za ndugu wa Kitaalamu ambao sijui nani aliwaingiza. Uzito wa Mama, mafuta ya Mama, maji ya Mama. Siku ya kwanza ule umri wa mwili ulitoka tisini na moja. Binamu akatuma vile vikatuni vinavyolia kwa kucheka. Kaka akatuma kidole gumba, maana yeye hutuma kidole gumba kwa kila kitu, hata msiba.

Mama aliniambia, “Mwanangu, hata sijateremka, simu imeshalia.” Aliisema kama utani. Mimi sikuona utani.

Basi kila siku Kitaalamu anaandika maelezo yake chini ya namba. “Leo tumepanda. Jana usiku kuna mtu alikula mkate?” Au, “Mstari umesimama. Tujitahidi, Mama.” Tujitahidi! Yeye aliyekuwa akiandika hayo ana andazi shavuni. Binamu anaongeza dawa zake za saluni, chemsha hiki, kamua kile, unywe kabla ya jua kuchomoza. Kila mtu akawa na neno kuhusu tumbo la mwanamke aliyewalisha. Niliandika mara moja kwamba haya si mambo ya kuanikwa. Kitaalamu akanijibu kwamba kitaalamu watu wengi wakiona, mhusika anapata hamasa. Nikamwambia basi aanze yeye, aanike wake. Alituma picha ya ua.

Sasa sikiliza lililonikata maini. Ile mizani, kwa kuwa imekaa juu ya zulia na Mama ameshika ukuta, ilikuwa inasema inachotaka. Leo juu, kesho chini, kesho kutwa juu zaidi ya mwanzo. Ule mstari wake kwenye simu ulikuwa kama mwandiko wa mlevi. Kwa jumla ulionyesha kwamba Mama hapungui. Na Mama, ambaye maisha yake yote hajawahi kuacha kazi nusu, akaamini kwamba kosa ni lake.

Akaanza kupunguza. Kwanza aliacha mkate, ambao aliruhusiwa kidogo. Halafu akaacha maharage. Halafu chakula cha jioni chote. Mdogo wangu akimwekea sahani anasema ameshiba, alionja jikoni. Mdogo wangu anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, angejuaje? Na Kitaalamu alipoona sahani inarudi imejaa, unajua alisema nini? Alisema, “Safi sana, Mama.”

Mimi niliona kwenye gauni. Nilikwenda kumsalimu, nikamkuta amekaa kando ya dirisha kavaa lile gauni la zambarau nililomshonea mwenyewe, limempwaya mabegani kama limetundikwa kwenye msumari. Mikono imekuwa vijiti. Nikamwuliza, “Mama, unakula?”

“Nakula. Lakini mashine inakataa.”

“Mashine gani inayokataa?”

Akaelekeza kidevu koridoni. “Leo imesema nimeongezeka. Nisipofika kwenye ile namba, daktari hatanipasua.”

Nilimfuata Kitaalamu sebuleni. Alikuwa amejilaza mbele ya televisheni, simu juu ya tumbo.

“Mtazame Mama yangu,” nikamwambia. “Mtazame kwa macho yako. Huyu mtu hajapungua?”

Hakuinuka. Alinyoosha simu, akanionyesha ule mstari. “Dada, macho yanadanganya. Hizi ni takwimu.”

“Nguo haimkai.”

“Nguo inaweza kulegea kwa kufuliwa. Kitaalamu.”

Mama Mdogo, nilisonya hadi nikahisi maumivu kwenye fizi. Mimi nashona tangu sijaota matiti, ananifundisha nguo inavyolegea! Nikataka kumchukua Mama siku ile ile. Mama akakataa. Alisema nitamharibia mdogo wangu ndoa, na kwamba amebakiza kidogo tu. Nikaondoka nimefura, na nikaapa kwamba nitaongea na daktari. Sikuwahi kufika.

Asubuhi yake simu yangu ililia namba ya Mama kama kawaida, halafu ikalia tena mara moja, namba ndogo ya ajabu, kama uzito wa mtoto mchanga. Nikadhani mashine imeshikwa na kichaa chake. Kabla sijaiweka chini akapiga mdogo wangu, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, sauti haieleweki. Mama alikuwa ameanguka pale pale koridoni. Alizimia akiwa juu ya kile kioo, na ile namba ndogo ulikuwa mkono wake tu uliobaki juu ya mizani. Na katika kundi, chini ya namba ile, Kaka alishatuma kidole gumba.

Tulimkuta hospitalini amewekewa dripu, midomo imemkauka, lakini macho yapo. Walimpima kwa mizani yao, ya chuma, iliyosimama juu ya saruji. Zile kilo kumi alikuwa amezipita zamani. Alikuwa amepoteza karibu mara mbili ya hizo. Damu chini, nguvu hakuna, na misuli ya paja, ambayo ndiyo ingembeba baada ya upasuaji, imeyeyuka.

Yule daktari mfupi alikuja, akasoma karatasi, akatutazama mmoja mmoja. “Nani kamwambia afunge?”

Akaikunja ile karatasi.

“Simpasui mtu aliyekauka hivi. Nilisema taratibu, nilisema ale. Alikuwa anajipimia wapi?”

“Nyumbani,” akasema mdogo wangu. “Koridoni, juu ya zulia.”

“Zulia nene?”

“Nene.”

Daktari akafumba macho kidogo kama mtu aliyeumwa na jino. “Mizani za namna ile zinataka sakafu ngumu. Juu ya zulia zinababaisha, na mtu akishika ukuta ndiyo kabisa. Mlikuwa mnampima kwa bahati nasibu.”

Hapo sasa, Mama Mdogo, hapo ndipo mtu yeyote mwenye chembe ya haya angeinamisha kichwa. Kitaalamu alikohoa. Akasema, “Samahani, daktari, lakini kitaalamu, ile ya kwetu ni mpya. Huenda hii ya hospitali ndiyo haijarekebishwa siku nyingi.”

Nimewahi kuona watu wenye uso mkavu. Huyu uso wake ni jiwe la kusagia. Daktari alimgeukia Mama, akamfunika shuka vizuri, akamwambia, “Bibi, hukukosa kitu chochote. Ulipungua vizuri tangu mwanzo. Walikuwa wanakudanganya.” Mama akageukia ukutani, akalia bila sauti. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona dada yako akilia.

Baada ya hapo nilimchukua. Nilitoa marobota kwenye chumba cha chini nyuma ya duka, nikaweka kitanda, nikaweka pazia. Akawa analala katikati ya sare za shule. Alikula mayai, maharage, supu, samaki, matunda, kila kitu alichoandikiwa. Uso ukaanza kurudi. Daktari akasema sasa ajipime tena mara moja kwa wiki, tuone anapanda kidogo kisha anatulia, ndipo atapanga siku ya upasuaji. Kwa hiyo tukahitaji mizani. Mizani yangu mimi ni ya kupimia vifungo.

Nani aliyesikia habari hiyo, akatokea dukani jioni na karatasi ya matangazo mkononi? Hana soni, yule! Alisimama kati ya wateja, akamkunjulia Mama karatasi. Imetoka mpya, akasema, bora kuliko ile ya mwanzo. Ina vishikio vya mikono. Inapima hata mapigo ya moyo. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, anatazama chini.

Nilishashika mkasi, na nadhani uso wangu ulisema kitu, kwa sababu Mama alininyooshea kiganja nikae. Akaitazama ile karatasi kwa utulivu, akairudisha.

“Sawa, baba. Kesho utupeleke dukani. Ila safari hii nachagua mimi.”

“Hapana shida, Mama! Nitakuelekeza.”

“Utanisaidia,” akasema Mama.

Tulikwenda wanne. Duka lile lile, manukato yale yale. Mama aliomba kiti, akakaa mbele ya mstari wa mizani, fimbo katikati ya magoti, mkoba juu ya mapaja. Siku ile ya malipo ya mwezi duka lilikuwa limefurika. Muuzaji akaanza wimbo wake wa mafuta na maji. Mama akamkatiza kwa upole.

“Mimi goti langu halinipi ruhusa kupandapanda. Mkwe wangu atanipandia. Panda, baba, tuone.”

Kitaalamu akacheka. “Mimi?”

“Si ulisema kitaalamu lazima ijaribiwe? Panda.”

Akapanda ile ya sindano. Sindano ilizunguka, Mama Mdogo, ilizunguka ikatafuta pa kusimama. Muuzaji, mtumishi mwema, akasoma kwa sauti ya tangazo. Watu wawili waliokuwa wakichagua sufuria wakageuka.

“Ni viatu,” akasema Kitaalamu.

“Vua,” akasema Mama.

Akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka dole gumba. Akapanda ya tarakimu. Muuzaji akasoma tena, na safari hii namba ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

“Nina simu mfukoni. Na funguo.”

“Nipe nikushikie.” Mama akavipokea mapajani, kimoja kimoja, kama anamvua mtoto. “Na mkanda, kama unakuzidishia.”

Watu walikuwa wameshasimama. Mama mmoja alikuwa amemwinua mwanawe aone vizuri. Kitaalamu jasho linamtoka, anatabasamu upande mmoja, anasema amekula sasa hivi, anasema asubuhi ndiyo saa ya kitaalamu. Mama akaelekeza fimbo kwenye ile ya kioo cheusi, ndugu ya ile ya kwake.

“Hiyo inatuma kwenye simu, sivyo? Muuzaji, iunganishe na simu yake hii hapa. Kundi la familia. Nataka kuona inavyofanya kazi.”

“Mama, hiyo si lazima—”

“Panda, baba. Kaka yao yuko mbali, atapenda kuona.”

Angeweza kukataa. Lakini mtu wa aina ile, mbele ya watu, hawezi kukubali kwamba anaona aibu. Akapanda. Simu yangu ikalia. Ya mdogo wangu ikalia. Uzito, mafuta, maji, na umri wa mwili, ambao siuandiki hapa kwa kuwa wewe unamheshimu. Mdogo wangu aliitazama simu yake, akaziba mdomo, halafu kicheko kikamponyoka. Sijamsikia mdogo wangu akicheka hivyo tangu harusi yake. Alicheka hadi akashika rafu ya vikombe. Kitaalamu alimkodolea macho, naye hakuacha.

Mama hakucheka. Alimrudishia simu, funguo na mkanda. Kisha akasema, sauti ya chini, lakini kila mtu pale alisikia:

“Umesimama hapo dakika chache tu, umeumia. Mimi nililala na njaa nyumbani kwako, baba. Sahani ikirudi imejaa unaniambia safi. Sikukosewa na mashine. Mashine haina macho. Wewe unayo.”

Hata lile neno lake moja lilimkauka. Akainama kuvaa viatu, na kwa lile tumbo ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia.

Mama akamgeukia muuzaji, akagonga kwa fimbo ile ya tarakimu kubwa, ya kawaida. “Hii inatuma kwa mtu?”

“Hapana, mama. Hii inaonyesha tu, ukishuka inazima.”

“Basi nifungie.”

Ndivyo mizani ilivyochaguliwa. Huo ndio “mpango” uliohadithiwa. Nasikia sasa anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyempeleka Mama dukani kununua ile inayofaa, na kwamba kitaalamu mgonjwa akishirikishwa hupona haraka. Aseme. Mimi nimeshapoteza mate ya kutosha juu yake. Ila wewe, akikupigia tena, usimwambie ahsante.

Mdogo wangu, jioni ile ile, alijitoa kwenye kundi. Asubuhi wazoa taka walipopita aliibeba ile mizani ya kioo mwenyewe, akaiweka juu ya mkokoteni wao, na zulia akalikunja akalitupa juu yake. Baadaye alikuja hapa dukani baada ya kazi, akakaa na Mama, akala sahani mbili za wali bila kuinua kichwa. Ndipo akatueleza kwamba yeye naye alikuwa akipandishwa pale kila Jumamosi, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kwenye mizani nyingine kabla ya hiyo. Mama alimwongezea mboga. Tangu hapo huja mara kwa mara, na siku nyingine halali kwake. Yatakavyokuwa huko mbele sijui, na hilo nakuombea ulibebe katika dua zako zaidi ya yote niliyoandika.

Upasuaji umeshafanyika. Daktari alisema mwenyewe kwamba ulikwenda vizuri, na daktari yule hasifu ovyo. Mama anafanya mazoezi yake asubuhi na jioni, akiwatukana wanaomfanyisha. Mizani yake iko bafuni, kwenye sakafu ya saruji. Akitaka kupima anaingia, anafunga mlango kwa komeo, anatoka. Anakwenda kumwambia daktari, basi. Uzito wake mimi siujui, na sitauliza.

Jana nikiwa huku juu nikipanga makoti nilisikia hatua kwenye ngazi, polepole, moja, halafu kimya, halafu nyingine. Nilitaka kukimbia kumshika. Nikajizuia, nikabaki nimesimama na koti mkononi. Akatokea mlangoni anahema, jasho kwenye paji la uso, akatazama chumba ambacho hajawahi kukiona tangu nilipokihamia. Akasema, “Kumbe unaishi kama panya.” Halafu akasukuma makoti, akakaa kitandani kwangu, akaniambia nimletee chai na mkate.

Nisalimie Baba Mdogo, binamu zangu wote, na yule jirani yako mshona vikapu anayeniulizia kila mara. Mama anakusalimu, anasema akilizoea goti jipya atakuja mwenyewe, umwandalie kitanda kisichoinuka sana. Mdogo wangu naye anakusalimu na anakukumbuka sana. Mwandikie yeye peke yake, kwa anwani ya duka letu. Mungu akulindeni nyote, awape miguu ya kutembea na watu wenye macho ya kuwatazama.

Mimi mwanao ninayekupenda, mwenye ulimi mrefu kama ulivyonilea.